Vifungo vya Shati na Vifungo vya Bleza

"Mama, tangu tubadilishe dawa, kikohozi kimepungua?"

"Kimepungua, daktari."

Mzee wangu, baba watoto, alikuwa ameketi kando ameshika mkoba wangu. Akaguna. "Kimepungua wapi? Jana usiku sikulala."

Daktari akaweka kalamu mezani, akatutazama sote wawili. "Sasa mimi niandike la nani?"

Ilikuwa mwezi wa pili, hapa Nakuru. Nilitoka pale nimenuna, maana niliona mzee wangu ameniumbua mbele za watu. Lakini njiani, ndani ya matatu, nikajaribu kukumbuka: jana nilikohoa mara ngapi? Nikashindwa. Juzi je? Nilichokumbuka ni ile Jumapili kanisani nilipokohoa hadi nikatoka nje, na basi. Siku nyingine zote zilikuwa zimefutika. Kwa hiyo nilipomwambia daktari kimepungua nilikuwa nasema tu kwamba Jumapili ile haikujirudia.

Mimi ni fundi wa cherehani. Nashona sare za shule: sketi za marinda, mashati, bleza za wale wanaojiweza. Pumu ninayo tangu darasa la tatu, ila ilinikalia vibaya baada ya mtoto wa pili. Na Nakuru ni Nakuru. Husemwa jina lenyewe limetoka kwa Wamaasai, mahali pa vumbi, na anayebisha aje asimame barabarani mwezi wa kwanza kabla mvua haijanyesha. Ongeza manyoya ya sufu yanayoruka kwenye mashine ya ovaloki na chaki ya kukatia kitambaa, utaelewa kwa nini dada yangu alinishauri niache ushonaji nikauze mayai. Mayai hayalipi karo, nikamjibu.

Mwaka uliotangulia nilipewa tembe za prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe wa njia za hewa, mara nne, kila mara kwa siku kadhaa, kwa sababu kifua kilifunga. Hapo ndipo nilipotumwa kwa daktari wa kifua, na ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza kwamba kuna pumu ngumu kutibu na kuna pumu kali, na kwamba si kitu kimoja. Ngumu kutibu ni ile inayosumbua kwa sababu kuna jambo limeharibika pembeni: mgonjwa anavuta inhela vibaya, anaruka siku, ana asidi inayopanda kutoka tumboni, anaishi kwenye moshi. Kali ni ile inayobaki ikisumbua baada ya hayo yote kurekebishwa, na dawa ya kuvuta ikiwa kwenye kipimo cha juu. Wenye pumu kali kweli ni wachache. Kwa hiyo daktari hakukimbilia kuniongezea dawa. Alisema, "Toa inhela yako, vuta nikuone."

Nikavuta. Akacheka kwa upole, akasema dawa yote imeishia kwenye ulimi. Miaka yote ile! Nilikuwa nabonyeza kwanza ndipo navuta, na kwa haraka kama mtu anayenusa tumbaku. Akanionyesha kutumia spesa, kile kichupa kinachokaa kati ya inhela na mdomo, na akaniambia nikikosa pesa ya kununua, chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitakoni tundu linaloshika mdomo wa inhela sawasawa inafaa. Madaktari wa Afrika Kusini waliipima kwa watoto wenye pumu na ikafanya kazi. Yangu nilitoboa kwa waya wa moto, mzee wangu akapitisha sandpepa kingoni. Unabonyeza mara moja, unavuta polepole, unashikilia pumzi, halafu mwisho unasukutua mdomo na kutema, usije ukaota utando mweupe ulimini. Nilifanya hivyo wiki kadhaa. Kifua kilipata nafuu, lakini si ya kutosha. Basi nikaingia kwenye lile kundi dogo.

Watu wanadhani pumu ni kukosa pumzi tu. Kukosa pumzi kunatisha, ndiyo, lakini kunakuja na kupita. Kilichonila mimi ni kikohozi. Tangu corona, ukikohoa kwenye matatu madirisha yote yanafunguliwa, hata mvua ikinyesha. Mteja anakuja kupimwa kiuno, nainama na futi mkononi, nakohoa, anarudi nyuma hatua mbili. Nimepimwa makohozi ya kifua kikuu mara mbili, kwa ile mashine ya GeneXpert, na mara zote majibu yalikuwa safi, lakini huwezi kutembea na majibu umeyabandika kifuani. Na kuna jambo ambalo wanawake hatulisemi: ukikohoa kwa nguvu, mkojo unaponyoka. Nilianza kuvaa sketi nyeusi tu. Siku niliyomwambia daktari hilo ndiyo siku aliyoacha kuniuliza kikohozi kimepungua au hakijapungua, akaanza kuniuliza ni kiasi gani.

Akanieleza vipimo alivyo navyo. Kuna kidude cha kupuliza: unasimama, unavuta pumzi yote, unapuliza kwa kishindo mara tatu, unaandika namba kubwa kuliko zote; ikipanda, hewa inatoka vizuri zaidi. Kuna karatasi ya maswali matano kuhusu wiki nne zilizopita, alama zake ni 25, na ukipata 20 kwenda juu pumu imedhibitiwa vizuri. Mimi nilikuwa na 11. Nikaisoma karatasi ile mara mbili nikitafuta kikohozi changu. Kimetajwa mahali pamoja tu, kwenye swali la kuamshwa usiku, tena kimechanganywa na kubanwa na kifua na kupiga mluzi. Kikohozi cha mchana, kile kinachofukuza wateja, hakina pa kukaa.

"Ni kweli," daktari akasema. Akaniambia huko Leicester, Uingereza, walitengeneza karatasi ya kikohozi peke yake, maswali 19, alama kutoka 3 hadi 21, na kwamba ikipanda kwa alama moja na kitu mgonjwa mwenyewe huwa anahisi tofauti. Akanisomea baadhi yake akitafsiri papo hapo. Kikohozi kimekukatiza mazungumzo au simu? Kimewaudhi wa nyumbani mwako? Hapo mzee wangu akaangalia dari. Tena kuna watafiti wanaomfunga mgonjwa kipaza sauti kidogo shingoni kwa saa 24, halafu kompyuta inahesabu kila mlipuko wa kikohozi. Na wakishahesabu wanaona kwamba anachosema mgonjwa na kinachosikika kwenye kipaza sauti vinakaribiana tu, havilingani. Mtu anaweza kukohoa nusu ya alivyokuwa akikohoa na bado akasema hali ni ile ile, kwa sababu ile nusu iliyobaki ndiyo inayomwamsha.

"Hapa kipaza sauti hicho hatuna," akasema. "Tafuta njia yako. Lakini iwe njia moja kila siku, saa zile zile."

Njia yangu ilikuwa mikebe miwili na vifungo.

Kwenye meza ya cherehani, upande wa kulia, niliweka mkebe wa siagi umejaa vifungo vyeupe vya shati, vile vidogo vya matundu manne. Kushoto, mkebe mtupu. Nikikohoa, nachukua kimoja kulia natupa kushoto. Tik. Kuanzia saa mbili asubuhi nikifungua kibanda hadi saa kumi na mbili jioni. Siku ya kwanza mpango ulivunjika kabla ya saa nne, maana nilipata mkupuo, ile ya kukohoa mfululizo hadi machozi, na katikati ya mkupuo nani ana mkono wa kushika kifungo? Nilipopumua nikajiuliza: hii ni moja au ni kumi na tano? Nikaamua. Kikohozi cha moja moja, kifungo cha shati. Mkupuo mzima, hata uwe mrefu vipi, kifungo kimoja cha bleza, kile kikubwa cha dhahabu chenye nanga. Sijui kama watafiti wangekubali, ila mimi niliweza kushikilia sheria hiyo kila siku, na hilo ndilo nililotakiwa.

Kuna mambo uhesabuji unakufundisha ambayo hakuna aliyekuonya. Kwanza, siku mbili za mwanzo ni uongo. Unajisikiliza mno, koo likiwasha kidogo tu unasema haya, hicho kinakuja, na kweli kinakuja. Mteja akiwapo unakizuia, akiondoka vinatoka vitatu kwa pamoja. Nilizitupa siku hizo mbili nikaanza upya. Pili, siku moja haisemi kitu. Kuna Jumatano niliyopata vifungo vya shati 102, nikaogopa, kumbe ndiyo siku niliyoziba kingo za sweta thelathini za sufu kwa ovaloki. Alhamisi yake nilipata 48. Ningeenda kwa daktari Jumatano angeniandikia prednisoloni, ningeenda Alhamisi angenipongeza. Wiki nzima, ukajumlisha ukagawanya kwa siku, ndiyo inayosema.

Jirani yangu muuza matunda alidhani nimeingia dini mpya. Nikamwacha adhani.

Usiku ulikuwa na shida zake. Binti yangu wa kidato cha pili akasema simu irekodi, naye atahesabu. Usiku wa kwanza akaniletea hesabu: 54. Nikashtuka. Halafu akasikiliza tena akiwa na kisikilizio kimoja sikioni, akaniita. "Mama, hiki si chako. Hiki ni cha baba." Kulikuwa na vikohozi vya mzee, mkoromo wa mzee, mbwa wa jirani, na jogoo anayeanza saa kumi na nusu bila aibu. Mzee akahamishiwa sebuleni kwa usiku mbili, akalalamika kama mtu aliyefukuzwa kazi, na hesabu safi ikaja: 23 usiku mmoja, 31 usiku wa pili, vingi vikiwa kati ya saa tisa na saa kumi na moja alfajiri. Daktari hakushangaa, alisema njia za hewa za mwenye pumu hubana zaidi saa hizo.

Kilichonishangaza mimi ni kwamba siku zote nilikuwa nasema "usiku ndio unaniua", na kumbe usiku haukufika hata nusu ya mchana. Wiki ile, mchana ulikuwa wastani wa vifungo vya shati 64 na vya bleza 9. Usiku ulikumbukwa kwa kuwa uliniamsha, mchana ukasahaulika kwa kuwa nilikuwa kazini. Kupuliza asubuhi kulikuwa 190, na namba yangu bora niliyowahi kuipata ni 320.

Niliiandika yote nyuma ya daftari la vipimo vya wateja. Daktari akasoma, akasema sawa, sasa tuna pa kuanzia. Akaniacha kwenye inhela yangu ya kipimo cha juu, budesonidi na formoteroli, akaongeza ya kuvuta ya tatu, tiotropiumu, mara moja kwa siku. Akanitajia pia kwamba kuna sindano za wenye pumu kali, kama mepolizumabu, zinazolenga chembe za damu ziitwazo eosinofili, lakini nilipouliza bei tukakubaliana kuzungumza kuhusu tiotropiumu.

Wiki nne baadaye, mwisho wa mwezi wa tatu, vumbi likiwa bado lile lile, nikahesabu tena. Kupuliza 270. Usiku, vikohozi 4 na 6. Vifungo vya bleza vilishuka kutoka 9 hadi 3. Ile karatasi ya maswali matano ikatoa 20, nimefika mstarini. Mtu yeyote angesema dawa imefanya kazi.

Vifungo vya shati: 71.

Nilihesabu mara mbili nikidhani nimekosea. Nikafikiria hata kutompa daktari namba hiyo, maana ilikuwa inaharibu habari njema. Mzee wangu ndiye aliyesema, "Mpe. Ulihesabu ya nini?"

Daktari aliitazama muda mrefu. Akauliza kikohozi hicho kinaanzia wapi. Nikagusa koo, hapa, kwenye kishimo. Si kifuani? Si kifuani, ni mnyeo, kama unyoya umekwama, hakitoi kitu. Na ile mikupuo ilitoka wapi? Ile ilikuwa ya kifuani, yenye makohozi mazito. Akanyamaza, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza kwa namna ile:

"Mama, kando ya dawa zangu, unameza nini kingine? Chochote."

"Sina kingine. Ya presha tu."

"Ya presha gani?"

Sikujua jina. Mzee akafungua mkoba akatoa kipande cha pakiti. Enalaprili.

Hadithi yake ni fupi na inanitia hasira mpaka leo. Prednisoloni ya mwaka uliotangulia ilipandisha presha yangu. Hufanya hivyo kwa baadhi ya watu, hasa ikirudiwarudiwa. Nilipimwa kwenye zahanati moja ya mtaani, nikaandikiwa enalaprili, nikaambiwa nisiache. Hakuna aliyeniuliza kama nina kikohozi, ingawa nilikohoa mbele yao. Enalaprili na ndugu zake ni dawa nzuri za presha, lakini kwa baadhi ya watu, na wanawake zaidi kuliko wanaume, huleta kikohozi kikavu cha kooni. Daktari alinichorea: dawa inazuia kimeng'enya fulani ili presha ishuke, ila kimeng'enya hicho hicho ndicho kinachovunja kitu kiitwacho bradikinini. Kisipovunjwa kinarundikana kwenye njia ya hewa na kuchokoza mishipa ya fahamu. Kikohozi chaweza kuanza siku chache baada ya dawa, au miezi. Kwa hiyo mimi nilikuwa nikikohoa kwa enalaprili, nikidhani ni pumu, nikipewa prednisoloni, presha ikipanda, na enalaprili ikiongezwa. Nilikuwa nazunguka kama mzingo wa bobini.

Na kosa langu nalo lipo. Miezi yote ile sikumtajia daktari wa kifua dawa ya presha, kwa kuwa kichwani mwangu presha ni ya moyo na kifua ni cha kifua, kila mmoja na daktari wake. Aliponiuliza "unatumia dawa zote?" nilijibu ndiyo, nikimaanisha zake.

Hakunikataza dawa ya presha. Alinibadilishia ikawa losartani, ambayo haizuii kimeng'enya kile, siku ile ile, akanionya nisije nikaiacha dawa ya presha kwa kujiamulia, maana kiharusi hakipigi hodi. Akaniambia nisitarajie muujiza: kikohozi cha namna ile huchukua wiki moja hadi nne kuondoka, kwa wengine hata miezi mitatu.

Wiki ya kwanza: 66. Nikakata tamaa, nikampigia dada yangu simu kumuuliza bei ya mayai. Wiki ya tatu: 30. Wiki ya sita: 12, na kifungo cha bleza kimoja kwa wiki nzima, siku jirani alipochoma takataka. Katikati hapo mvua za masika zikaanza, vumbi likalala, na daktari alikuwa mwaminifu kuniambia hatuwezi kuipa losartani sifa zote; mvua nayo ina sehemu yake. Lakini ule mnyeo kooni ulikwisha, na mvua haifiki pale.

Bado nina pumu kali. Bado navuta dawa tatu, bado nina prednisoloni kabatini kwa siku mbaya, na mwezi wa kumi na mbili, msimu wa sare ukianza, nitahesabu wiki nzima kabla vumbi halijarudi, nipate namba ya kulinganisha. Nimeongeza ukurasa mmoja kwenye daftari: majina ya dawa zote, hata ya minyoo, yameandikwa na binti yangu kwa herufi kubwa.

Wiki iliyopita mwalimu mmoja alileta bleza ya mwanawe, vifungo vyote vitatu vya mbele vimeng'oka. Dukani mjini aina ile ya nanga ilikuwa imeisha. Nikamwambia asubiri, nikauvuta mkebe wa kushoto, nikachambua vile vya dhahabu nikavifuta kwa leso. Akauliza kwa nini naviweka peke yake. Nikamwambia hivyo ni vya mwezi wa pili, nikatunga uzi kwenye sindano.